Gia za umeme zisizo na waya kwenye baiskeli ya milimani: mwongozo kamili wa kuishi nazo

Lalamiko linalorudi kila mara ni moja: "Nabonyeza, gia haibadiliki." Kinachofuata nacho ni kile kile. Mwenye baiskeli anakimbilia simu, anafuta programu na kuiweka upya, anaunganisha vifaa tena na tena mpaka jioni inaingia. Kumbe betri haikushika vizuri, au hanga ilipinda siku alipoanguka na hakuna aliyeitazama.

Mwongozo huu una mpangilio mmoja: betri kwanza, vyuma pili, mawasiliano tatu, simu mwisho. Tafadhali usiuruke. Waya umeondoka, lakini cheni, kaseti na hanga zipo pale pale, zinachakaa na kupinda kama zamani, na mota haina uwezo wa kuzinyoosha.

Nimefuata mfumo wa Eagle AXS wa gia 12 wa kampuni ya SRAM, uliotoka mwaka 2019 na kupata toleo la GX la bei nafuu zaidi mwaka 2021, kwa sababu ndio ninaoulizwa zaidi. Toleo la Transmission la mwaka 2023 lina sehemu yake hapo chini. Shimano nao walitoa XTR Di2 isiyo na waya ya milimani mwaka 2025. Vitufe vyake ni tofauti, ila namna ya kutafuta tatizo ni ile ile.

Ili tuelewane: kibadilisha gia ni kile cha nyuma chenye puli mbili, na betri imepachikwa juu yake. Kidhibiti ni kile cha kwenye usukani unachokibonyeza kwa kidole gumba. Hanga ni kipande cha alumini kinachoshika kibadilisha gia kwenye fremu. Kaseti ni lile rundo la sproketi 12 kwenye gurudumu la nyuma.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Betri mbili za AXS. Moja inafanya kazi, nyingine ni ya akiba. Ya pili usiione kama anasa.
- Kifuniko cha plastiki cha kila betri, na kile kizuizi cha plastiki kinachokaa kwenye kibadilisha gia betri ikiwa imetolewa.
- Chaja yake na kebo ya USB.
- Betri mbili za sarafu aina ya CR2032, mpya, kwenye pakiti yake.
- Kipimo cha plastiki cha pengo la cheni kinachoendana na kaseti yako.
- Funguo za aleni (L) na Torx T25.
- Spana ya kupima nguvu ya kukaza. Kama huna, azima kwa fundi.
- Kitambaa kikavu, brashi laini, spiriti na mafuta ya cheni.
- Hanga ya akiba ya fremu yako.
- Mtu wa kukusaidia kwa dakika kumi. Utaona sababu kwenye hatua ya tano.

Simu sijaiorodhesha kwa makusudi. Kazi zote za mwanzo zinafanyika bila simu.

## Hatua ya 1: Soma taa

Kila kifaa cha AXS kina kitaa kidogo na kitufe kidogo kilichoandikwa AXS. Badilisha gia moja huku ukizungusha pedeli, kisha tazama nyuma. Taa ya kibadilisha gia itawaka kwa muda mfupi.

Kijani maana yake betri ina chaji ya kutosha. Nyekundu iliyotulia maana yake chaji inakaribia kwisha, umalizie safari fupi ukachaji. Nyekundu inayopepesa maana yake badilisha betri sasa hivi. Isipowaka kabisa, betri imekwisha, haijashika, au vituo vyake vya shaba (pale umeme unapopitia) vina uchafu.

Kisha tazama taa ya kidhibiti unapobonyeza. Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa: betri ziko mbili na hazijuani. Kubwa ya nyuma inazungusha mota. Ya sarafu kwenye usukani inatuma amri tu. Kubwa inaweza kuwa imejaa huku ya sarafu imekufa, na dalili utakayoiona ni ile ile ya gia kutobadilika.

Dalili ya kufaulu: unabonyeza mara moja, taa ya mbele inawaka, ya nyuma inawaka, mota inalia "zzt" fupi. Ukivipata vyote vitatu, umeme na mawasiliano ni vizima. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya nne.

## Hatua ya 2: Betri kubwa

Toa betri kwa kufungua klipu yake. Pangusa vituo vya shaba kwa kitambaa kikavu, upande wa betri na upande wa kibadilisha gia. Ukiona rangi ya kijani au ukungu mweupe, tumia spiriti kidogo na uache ikauke. Usikwangue kwa bisibisi wala msasa, maana ukiondoa lile tabaka la juu kutu itarudi upesi zaidi.

Irudishe kwa kuingiza ukingo wa chini kwanza, sukuma, kisha funga klipu hadi usikie "ta". Ijaribu kwa kidole: isicheze hata kidogo. Betri iliyofungwa nusu hufanya kazi vizuri barabarani, halafu ikakatika kwenye mteremko wa mawe, na hapo mtu hulaumu mfumo mzima.

Kuchaji huchukua takriban saa moja. Taa ya chaja hubaki na rangi ya chungwa inapochaji na kugeuka kijani ikijaa. Betri yenyewe ni ndogo, gramu 25 hivi, kwa hiyo pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000 inaijaza mara nyingi. Angalizo moja tu: baadhi ya pawabenki hujizima zinapoona umeme unaovutwa ni mdogo. Jaribu yako nyumbani kabla ya kuitegemea porini.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo safari ndefu zinapoharibika. SRAM wanasema betri ikijaa inatoa takriban saa 20 za kuendesha kwenye kibadilisha gia cha milimani. Saa hizo zinapungua ukiwa mtu wa kubadilisha gia kila kona, na zinapungua zaidi kwenye baridi, kwa sababu betri za lithiamu hushuka nguvu hali ya hewa ikiwa baridi. Chukua Congo Nile Trail ya Rwanda, kilomita 227 za vilima kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu. Ukiendesha saa sita kwa siku kwa siku tano, hizo ni saa 30. Betri moja haikufikishi. Betri mbili zilizojaa zinakufikisha na kubaki.

Utaratibu ninaoupendekeza: bandika kipande cha utepe chenye A kwenye betri moja na B kwenye ya pili. Wiki hii tumia A, B ikae kwenye begi ikiwa na kifuniko chake. Wiki ijayo geuza. Ukiacha moja kuwa "ya akiba" daima, utaikumbuka siku unayoihitaji na kuikuta tupu. Na kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, chaji siku mbili kabla ya safari, usingoje usiku wa kuamkia safari.

Onyo: usiibebe betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo au sarafu bila kifuniko. Chuma kikigusa vituo vyote kwa pamoja, betri inapata moto.

Dalili ya kufaulu: taa ya kijani, na betri haichezi hata ukiitikisa baiskeli kwa nguvu.

## Hatua ya 3: Betri ya sarafu kwenye kidhibiti

CR2032 moja hudumu takriban miaka miwili, na ndiyo maana husahaulika. Usiisubiri ife. Ibadilishe mara moja kwa mwaka, tarehe unayoikumbuka.

Fungua kifuniko, toa ya zamani, angalia alama ya kujumlisha, ingiza mpya ikielekea upande ule ule. Angalia pia ule mpira mwembamba wa kuzuia maji kwenye kifuniko. Ukikunjwa au ukiachwa nje, mvua moja inatosha kuua kidhibiti.

Baadhi ya betri za CR2032 hupakwa dutu chungu ili mtoto akiiweka mdomoni aiteme. Nia ni njema kabisa, lakini tabaka hilo linaweza kuzuia umeme kupita kwenye vifaa vingine. Ukiweka betri mpya na taa isiwake, jaribu aina nyingine kabla ya kusema kidhibiti kimekufa.

Onyo kubwa: betri ya sarafu ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo na umio ndani ya saa mbili. Ile ya zamani usiiache kwenye meza ya fundi wala sakafuni. Ifunge kwa utepe uiweke mbali. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, nenda hospitali papo hapo, usingoje dalili.

## Hatua ya 4: Hanga na cheni, kabla hujagusa marekebisho yoyote

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiipite. Sproketi 12 zimebanana mahali padogo, na hanga iliyopinda milimita mbili tu inatosha kuzifanya gia zigongane. Mota itafika mahali ilipoagizwa bila kosa, ila kibadilisha gia chote kitakuwa kimeinama.

Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, macho yako yawe usawa wa puli. Puli mbili zinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja wima chini ya sproketi. Ukiona puli ya chini imeingia ndani kuelekea spoku, hanga imepinda. Jicho linaona kupinda kukubwa tu. Kudogo kunahitaji kifaa cha kupimia hanga, ambacho fundi mzuri wa baiskeli anacho.

AXS ina klachi ya kinga ndani yake. Kibadilisha gia kikigongwa na jiwe, mota huachia, mkono husogea, kisha hurudi mahali pake. Ni ubunifu mzuri na umeokoa mota nyingi. Lakini hauiokoi hanga. Kwa hiyo baada ya kuanguka upande wa kulia, usiridhike kwa sababu gia "zimerudi zenyewe". Chuchumaa utazame.

Fremu nyingi za karibuni zina hanga ya UDH, inayoingiliana kati ya kampuni na kampuni. Boliti yake ina nyuzi za kinyume: kaza kwa kuelekea kushoto, fungua kwa kuelekea kulia, na mkazo wake ni Nm 25 (nyutoni-mita, zinazosomwa kwenye ile spana ya kupima). Fundi asiyejua hili anaweza kuing'ang'ania mpaka aharibu kichwa cha boliti. Mwambie kabla hajaanza.

Ikiwa imepinda, badilisha. Kuinyoosha ni kwa ajili ya kufika nyumbani. Alumini iliyokunjwa na kunyooshwa inapoteza nguvu, na bei ya hanga ni ndogo mno ukilinganisha na kibadilisha gia.

Kwenye cheni, tumia kipimo cha kuchakaa. Kikisoma 0.5, anza kutafuta cheni mpya. Ukiiacha ivuke hapo itaila kaseti, na kaseti ya Eagle ni ghali.

Onyo: hanga ikiwa imeingia ndani, usibadilishe kwenda sproketi kubwa kabisa. Kibadilisha gia kinaweza kuingia kwenye spoku, na hapo utapoteza gurudumu, kibadilisha gia, na pengine meno yako.

Dalili ya kufaulu: ukitazama kutoka nyuma, puli mbili na sproketi ziko kwenye mstari mmoja.

## Hatua ya 5: Pengo la cheni, mtu akiwa juu ya baiskeli

Pengo la cheni ni umbali kati ya puli ya juu na sproketi kubwa kabisa. Likiwa kubwa mno, cheni husitasita kupanda na gia huchelewa. Likiwa dogo mno, puli hukwaruza sproketi na unasikia kelele kama ya kusaga. Linarekebishwa kwa skrubu moja nyuma ya kibadilisha gia.

Kosa ninaloliona karibu kila mahali ni kulipima baiskeli ikiwa imening'inia kwenye stendi. Kwenye baiskeli yenye shokapu ya nyuma, ukikaa shokapu hubonyea, ekseli ya nyuma husogea, na pengo hubadilika. Lililokuwa sawa kwenye stendi haliko sawa tena ukiwa kwenye kiti. Ndiyo maana gia zinakuwa laini dukani na mbovu porini.

Fanya hivi:

1. Hakikisha shokapu ina hewa inayolingana na uzito wako. Kwa baiskeli nyingi za njia za porini, ukikaa inapaswa kubonyea kati ya asilimia 25 na 30 ya urefu wote inaoweza kubonyea.
2. Weka cheni kwenye sproketi kubwa kabisa.
3. Vaa begi na viatu vyako vya kuendeshea. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta kwa kiwiko.
4. Mwenzako aweke kile kipimo cha plastiki juu ya sproketi kubwa na kutazama puli ya juu inakaa wapi.
5. Azungushe skrubu robo mzunguko, apime tena, mpaka puli iendane na alama ya kipimo.

Kaseti ya meno 10 hadi 50 na ile ya 10 hadi 52 hazitumii alama moja. Hesabu meno yaliyochongwa kwenye sproketi kubwa kabla ya kuanza. Ukihamia kaseti nyingine, rudia hatua hii yote.

Baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma haina haja ya mtu kukaa. Ipime kwenye stendi, inatosha.

Dalili ya kufaulu: cheni inapanda kwenye sproketi kubwa kwa sauti moja safi, bila kusitasita, ukiwa umekaa juu yake.

## Hatua ya 6: Marekebisho madogo na skrubu za mipaka

Hapa ndipo umeme unapopendeza. Hakuna kuzungusha kirekebishi cha waya. Weka cheni kwenye sproketi ya pili kutoka ile kubwa kabisa. Shikilia kitufe cha AXS kwenye kidhibiti, na huku umekishikilia bonyeza kitufe cha kubadilishia gia upande unaotaka. Kibadilisha gia kitasogea kidogo sana, hata jicho huenda lisione. Endelea bonyezo kwa bonyezo.

Tazama kutoka nyuma: katikati ya puli ya juu ikae chini ya katikati ya sproketi. Ukisharekebisha hapo, gia zote nyingine hufuata, kwa sababu umbali kati yake umeshapangwa ndani ya kifaa.

Baada ya hapo pitia skrubu za mipaka, H na L, zinazozuia kibadilisha gia kisivuke sproketi ndogo kabisa (H) wala kubwa kabisa (L). Watu waliozoea gia za waya huzikaza kwa nguvu ili "cheni isitoke". Usifanye hivyo. Skrubu iguse kidogo tu, isisukume. Ukikaza kupita kiasi, mota inajaribu kufika sproketi ya mwisho na kuzuiliwa, gia haikai, na betri inaliwa bure. Nimeona watu wakinunua betri mpya kwa tatizo lililotaka robo mzunguko wa skrubu.

Dalili ya kufaulu: unapanda na kushuka gia zote 12 kwenye stendi, kisha kwenye kilima halisi, bila kelele ya cheni kugusa sproketi ya jirani.

### Kama una Transmission

Hatua ya tano na ya sita hazikuhusu kwa namna hiyo. Transmission haina hanga kabisa. Inafungwa moja kwa moja kwenye fremu iliyotengenezwa kwa UDH, kwa mkazo wa Nm 35. Haina skrubu za mipaka wala skrubu ya pengo. Badala yake kuna jedwali la SRAM linalotaja fremu yako, urefu wa cheni na nafasi ya kufungia, A au B. Lifuate bila kubahatisha. Ukikosea urefu wa cheni, hakuna skrubu itakayokuokoa.

Jambo moja linalowashangaza wageni wa mfumo huu: unaonekana mzito kubadilika. Unasubiri sehemu maalumu ya sproketi ifike ndipo usogeze cheni, na kwa hiyo unaweza kubadilisha huku ukikanyaga kwa nguvu zote kilimani. Usibonyeze mara nyingi kwa kukosa subira, maana amri zote hizo zitatekelezwa moja baada ya nyingine.

## Hatua ya 7: Kuunganisha upya kidhibiti na kibadilisha gia

Fanya hivi tu ikiwa taa zote mbili zinawaka lakini hakuna kinachosogea, au umenunua kifaa kimoja mkono wa pili.

1. Shikilia kitufe cha AXS kwenye kibadilisha gia mpaka taa ya kijani ianze kupepesa polepole. Achia.
2. Shikilia kitufe cha AXS kwenye kidhibiti mpaka taa yake ya kijani ipepese haraka. Achia.
3. Rudi nyuma, bonyeza kitufe cha kibadilisha gia mara moja kufunga zoezi.

Wanaoshindwa hapa huachia mapema, au wanaanza na kidhibiti. Anza nyuma, daima. Na ukichelewa kati ya hatua ya kwanza na ya pili, kibadilisha gia kitaacha kusubiri, itabidi uanze upya.

Kama una nguzo ya kiti ya Reverb AXS, ile inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, iunganishe katika zoezi hilo hilo kabla ya kufunga. Mawasiliano yamefungwa kwa siri ya kila baiskeli, kwa hiyo usihofu kwamba mwenzako akibonyeza kwenye kundi atakubadilishia gia wewe.

Dalili ya kufaulu: bonyezo moja, sogeo moja.

## Hatua ya 8: Sasa simu

Programu ya AXS ina kazi tatu zenye maana: kusasisha programu ya ndani ya vifaa, kuonyesha hali ya betri, na kubadilisha kazi za vitufe.

Kwenye kusasisha, weka betri iliyojaa, simu iwe na chaji, na vyote vikae karibu hadi mwisho. Usifunge programu katikati. Kifaa kisipoonekana kwenye orodha, kibonyeze kiamke, kwa sababu hulala baiskeli ikitulia. Sasisha nyumbani, kamwe siku ya safari.

Kwenye vitufe, unaweza kuchagua ukishikilia kitufe gia zipite mbili, tatu au zote mfululizo. Ushauri wangu kwa anayeanza: weka mbili. Kupita zote kunafurahisha kwenye stendi, lakini kwenye kilima chenye kona kidole hukawia, na unajikuta kwenye gia uliyoihitaji mita hamsini mbele.

## Hatua ya 9: Vumbi, matope na maji

Baada ya kupita kwenye vumbi jekundu la Ngong au tope la Lushoto wakati wa masika, osha kwa maji ya ndoo na brashi laini, betri ikiwa imebaki mahali pake ili vituo vyake visipate maji. Mashine ya maji ya kasi, ile ya kuoshea magari, isielekezwe kwenye kibadilisha gia, kidhibiti wala ekseli.

Ukimaliza, toa betri, pangusa unyevu kwenye vituo, acha wazi ikauke, kisha irudishe. Paka cheni mafuta tone kwa tone na ufute yaliyozidi. Usipake grisi kwenye vituo vya betri.

Tope la udongo mweusi wa mfinyanzi likikauka kati ya puli, mota hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kijiti kinatosha kulitoa. Fanya hivyo porini hata kama hujafika nyumbani.

## Hatua ya 10: Ikizima njiani

Fuata mpangilio huu, usiwe na haraka.

Taa ya nyuma haiwaki. Toa betri, pangusa, irudishe hadi isikike "ta". Bado? Weka ya akiba. Huna ya akiba lakini una Reverb AXS? Hamisha betri ya nguzo ya kiti, ni ile ile. Kiti kitabaki kilipo, lakini utapata gia.

Taa ya nyuma inawaka, ya mbele haiwaki. Betri ya sarafu imekufa. Kama huna nyingine, tumia kitufe cha kibadilisha gia chenyewe: bonyezo moja hushusha kwenda sproketi ndogo, mabonyezo mawili ya haraka hupandisha kwenda kubwa. Simama, chagua, endelea. Ni taabu, lakini inakufikisha.

Nyekundu inapepesa na huna betri nyingine kabisa. Usiendelee kubadilisha mpaka ife yenyewe. Chagua sasa gia utakayoweza kupandia kilima kilichobaki, sproketi ya kati ikielekea kubwa, kisha acha kabisa kubonyeza. Betri ikifia kwenye sproketi ndogo kabisa utasukuma baiskeli kwa miguu.

Taa zote ni kijani lakini gia zinaruka. Huo si umeme. Rudi hatua ya nne, tazama hanga.

## Hatua ya 11: Kusafirisha

AXS huamka inapohisi mtikisiko. Baiskeli ikiwa juu ya gari au kwenye buti la basi kutoka Arusha hadi Lushoto, mfumo haulali vizuri na betri inaliwa njia nzima. Toa betri kila unapoisafirisha, weka kile kizuizi cha plastiki mahali pake, na betri ivae kifuniko chake. Fanya vivyo hivyo baiskeli ikikaa nyumbani kwa wiki kadhaa, na usiiweke betri ikiwa tupu.

Kwenye ndege, betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kifaa husafiri na abiria ndani, zikiwa zimefunikwa vituo. Haziwekwi kwenye mzigo wa chini. Zitie kwenye mfuko mdogo pamoja na CR2032 zako, uwe tayari kuzionyesha kwenye ukaguzi. Zikisahaulika ndani ya boksi la baiskeli, boksi linaweza kufunguliwa au kubaki.

Kabla ya kufunga boksi, peleka cheni kwenye sproketi kubwa ili kibadilisha gia kiingie ndani, mbali na ukingo, au kifungue kabisa kwenye hanga na kukifunga kwa kitambaa kwenye fremu. Ukifika, chuchumaa nyuma ya baiskeli utazame puli kabla hujaweka betri.